Binti yangu ameambiwa afute 27 kwenye takwimu zake. Ni haki?

#1 Mzazi_Manyatta

Wanajukwaa, hamjambo. Niko Kisumu, na binti yangu yuko gredi ya nane. Wamepewa kazi ya takwimu: kila mmoja achague swali lake, aulize wenzake 20, apange majibu kwenye jedwali, achore grafu, kisha atafute wastani, mediani na modi. Yeye aliuliza hivi: "Jana usiku walilala watu wangapi nyumbani kwenu?" Aliuliza wote asubuhi moja kabla ya gwaride. Majibu yake, kuanzia dogo hadi kubwa:

2, 3, 3, 3, 4, 4, 4, 4, 5, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 7, 8, 27

Hiyo 27 ni ya mvulana ambaye kwao kulikuwa na matanga. Jamaa walitoka Siaya na Busia, wengine wakalala kwenye mikeka sebuleni na wengine kwenye hema nje. Mwalimu alipoona akasema 27 inaharibu grafu, aifute na amuulize mwanafunzi mwingine badala yake. Binti amerudi nyumbani amenuna. Anasema yule mvulana hakudanganya, kwa nini afutwe?

Mimi hesabu niliachana nazo zamani. Nani ana haki hapa?

#2 Abiria_wa_Kondele

Mwalimu ndiye anatoa maki. Futa mama, mlale.

#3 Mwalimu_Nyando

Asifute! Nafundisha hesabu JSS, yaani sekondari ya chini, na kila muhula nakutana na jambo hili.

Namba hufutwa ikiwa si ya kweli. Mtoto akisema kwao walilala watu 270, au mwandishi akiwa amekusudia 7 akaandika 27, unarudi kwa mwenyewe kumuuliza, unasahihisha. Hapa imeshajulikana: watu walilala, sababu ipo. Na kumtafuta mwanafunzi mwingine wa kujaza nafasi ni kubaya kuliko kufuta, maana huyo wa pili akisema 19 utamtafuta wa tatu? Utaendelea kuuliza mpaka upate jibu unalolipenda, halafu uite hiyo takwimu.

Sasa tuone hiyo 27 inafanya nini hasa. Jumla ya majibu yote ni 119. Gawa kwa 20, wastani ni 5.95. Ukiiondoa 27, jumla inabaki 92, gawa kwa 19, wastani unashuka hadi 4.84 hivi. Nyumba moja imesukuma wastani kwa zaidi ya mtu mmoja.

Mediani, yaani jibu la katikati, je? Majibu yakiwa yamepangwa, la 10 ni 5 na la 11 ni 5, kwa hiyo mediani ni 5. Ondoa 27, yabaki 19, la katikati ni la 10, bado 5. Modi ni 5 vilevile, kwa sababu imetokea mara tano, kuliko namba nyingine yoyote. Mediani na modi hazikutikisika hata kidogo.

Mwambie binti ahesabu jambo moja zaidi: ni nyumba ngapi zilizo juu ya wastani wa 5.95? Ni 7 tu. Nyumba 13 kati ya 20 ziko chini ya wastani. Watoto wengi wanadhani wastani ni namba iliyo katikati, nusu juu nusu chini. Iliyo katikati ni mediani. Wastani ni kugawana sawa: ungewakusanya wale watu 119 wote uwanjani, ukawagawa upya katika nyumba 20 bila upendeleo, kila nyumba ingepata 5.95. Kwa hiyo wageni 20 na zaidi wa matanga wanasambazwa kwenye nyumba ambazo hawajawahi kuzikanyaga.

Grafu haikuharibika. Imeonyesha kwamba usiku ule nyumba moja haikuwa kama nyingine.

#4 Mzazi_Manyatta

Asante sana mwalimu. Nimemsomea, ameanza kucheka. Anauliza: huyo 0.95 ni mtu wa aina gani?

#5 Kirumba_Mwanza

Mkuu, hata serikali zinatoa watu wa aina hiyo 😂 Sensa yetu ya 2022 ilisema kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Nenda nyumba kwa nyumba hutamkuta huyo wa 0.3.

#6 Karani_Mstaafu

Na Kenya 2019 ilikuwa 3.9. Watu 47,564,296 katika kaya zaidi kidogo ya milioni 12.1, gawanyeni wenyewe muone. Hiyo namba si lazima iwe ya nyumba yoyote. Ina kazi yake: ukijua kaya ziko ngapi mahali fulani, unazidisha na kukadiria idadi ya watu. Ukitumia mediani huwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo msianze kuutukana wastani hapa.

Ila kuhusu 27 nina neno. Nimewahi kuwa karani wa sensa, na swali letu lilihusu usiku mmoja, wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Aliyelala hapo anahesabiwa hapo, mgeni au mwenyeji. Kwa kanuni hiyo watu wa matanga wanahesabiwa pale penye matanga, na makwao Siaya hawahesabiwi. Kila mtu mara moja. Ndiyo maana ni muhimu binti aliuliza wote kuhusu usiku uleule. Angeuliza watano Jumatatu na watano Alhamisi, shangazi mmoja angeweza kuhesabiwa katika nyumba mbili.

Lakini kama mwalimu alitaka wajue ukubwa wa familia, basi "jana usiku" si swali lake. Swali lingekuwa "kwa kawaida huwa mnalala wangapi kwenu?" na mvulana angesema labda 6. Hapo 27 isingekuwa jibu kabisa. Kwa hiyo nisimlaumu mwalimu moja kwa moja. Inawezekana alikuwa na swali moja kichwani na mtoto ana lingine kwenye karatasi.

#7 Mwalimu_Nyando

Nakubali kuhusu maswali mawili, mzee. Sikubali kuhusu dawa yake. Kama swali lilikuwa baya, anarudi kuwauliza wote 20 swali jipya. Habadilishi swali kwa mtu mmoja tu aliyejibu vibaya machoni pa mwalimu. Hata hao wengine huenda mmoja wao baba alikuwa zamu ya usiku, hakulala nyumbani. Huyo hakuna aliyemshuku kwa sababu 4 haina kelele.

#8 Karani_Mstaafu

Hapo umenishika.

#9 Mtu_wa_Maseno

Kuna kitu mnakipita. Hata mkiondoa 27, wastani wa darasa ni 4.84, na wa taifa ni 3.9. Mtoto akilinganisha ataandika "familia za Kisumu ni kubwa kuliko za Kenya nzima." Si kweli kwamba data yake inaonyesha hivyo.

Fikirini amemuuliza nani. Amewauliza watoto wa shule. Kijana anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Nyalenda hayumo. Nyanya na babu waliobaki wawili kule kijijini hawamo. Nyumba isiyo na mtoto darasani haiwezi kuingia kwenye takwimu zake hata kwa bahati. Na nyumba yenye watoto wengi ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na mmoja pale.

Tuchukue nyumba mbili tu. Moja ina watu 3, mtoto akiwa mmoja. Nyingine ina watu 7, watoto wakiwa watano. Wastani wa nyumba hizo mbili ni 5. Sasa simama getini uwaulize watoto wote sita: mmoja atakuambia 3, watano watakuambia 7. Jumla ni 38, gawa kwa 6, unapata 6.33. Nyumba ni zilezile, hakuna aliyedanganya, na jibu limepanda kwa sababu ya mlango ulioingilia.

Ningekuwa mwalimu ningempa maki za ziada mtoto atakayeandika chini ya grafu: "Hizi ni nyumba za wanafunzi wa darasa langu." Maneno hayo manane yana uzito kuliko rangi zote za penseli.

#10 Mama_Mitumba_Kibuye

Jamani mimi sijasoma sana lakini hii modi naijua kwa mfuko. Nauza viatu vya mitumba vya watoto. Ukinipa wastani wa saizi za miguu ya wateja wangu nitaufanyia nini, ninunue viatu vya saizi 34 na robo? Ninachotaka ni saizi inayoulizwa sana. Nikifungua bale na kukuta saizi hiyo ni chache, najua wiki ni ngumu.

#11 Abiria_wa_Kondele

Mama amefundisha kuliko kitabu. Kumbe modi ni pesa.

#12 Mwalimu_Nyando

Na kuna data ambayo haina kingine ila modi. Darasa langu liliwahi kuulizana samaki wanaowapenda. Tuseme kati ya 20: ngege 9, omena 5, mbuta 4, wasiokula samaki 2. Wastani wa ngege na omena ni nini? Hakuna. Mediani? Huwezi kupanga samaki kutoka mdogo hadi mkubwa wa kupendwa. Unabaki na modi tu, ngege.

Ila hapo ndipo chati ya duara inapendeza. Duara lina nyuzi 360, wanafunzi 20, kila mmoja ana nyuzi 18. Ngege 162, omena 90, mbuta 72, wasiokula 36. Jumlisha, 360 imetimia. Isipotimia, usiguse bikari bado. Omena wakiwa robo kamili ya duara, mtoto anaiona hiyo robo kwa jicho kabla ya kuchukua protrakta.

Kwa swali la watu waliolala, chati ya duara haifai. Vipande vinane vya duara, kimoja kimeandikwa 27 na ni chembamba sawa na kilichoandikwa 2, nani ataelewa?

#13 Mzazi_Manyatta

Hapo kwenye grafu ndipo tuko sasa. Amechora grafu ya mihimili. Chini ameandika 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 27, kila moja na mhimili wake, nafasi sawa. Inaonekana nadhifu. Iko sawa?

#14 Mwalimu_Nyando

Ni nadhifu, na imemficha mgeni. Angalia: 27 imekaa jirani na 8 kana kwamba zimefuatana. Kwa samaki hilo halina shida, kwa sababu omena anaweza kukaa kando ya yeyote. Namba zina mahali pao. Kati ya 8 na 27 kuna 9, 10, 11 mpaka 26, na nafasi hizo zote ni tupu, na huo utupu ndio habari yenyewe.

Achore hivi, na kama ana vizibo vya soda hata penseli haihitajiki. Chora mstari mrefu sakafuni kwa chaki, weka alama kuanzia 0 hadi 30, umbali sawa. Kila jibu kizibo kimoja, jibu likijirudia kinapangwa juu ya mwenzake. Juu ya 5 patakuwa na mnara wa vizibo vitano. Pande zake minara inashuka: vinne juu ya 4, vitatu juu ya 3 na 6. Halafu kuanzia 9 ni sakafu tupu, sakafu tupu, sakafu tupu, mpaka kizibo kimoja kule 27. Watoto wakiona hivyo wenyewe wanauliza "huyu ni nani?" bila kuambiwa na mwalimu.

Na mediani wataipata kwa mikono. Mmoja aondoe kizibo cha mwisho upande wa kushoto, mwingine cha mwisho upande wa kulia, kwa pamoja, tena na tena. Kizibo cha 27 kinatoka raundi ya kwanza kabisa pamoja na cha 2. Vinabaki viwili, vyote juu ya 5. Hapo mtoto anajua kwa nini mediani haikusumbuliwa na matanga: ingekuwa 27 au 270, kingetoka raundi ileile.

Kwenye daftari vizibo vinakuwa vitone. Kazi imekwisha.

#15 Mkulima_Njoro

Naingilia kutoka Nakuru. Kwenu mgeni amefichwa na mstari wa chini. Kwetu ugomvi ulikuwa mstari wa wima. Mwanangu alichora idadi ya watu wa kaunti nne za magharibi kwa sensa ya 2019: Kakamega 1,867,579, Bungoma 1,670,570, Busia 893,681, Vihiga 590,013. Ili kuokoa karatasi akaanzisha mstari wa wima kwenye 500,000. Matokeo yake mhimili wa Vihiga ukawa kama kidole, na wa Kakamega mti wa mkaratusi.

Pimeni. Kwa ukweli Kakamega ina watu mara tatu na kidogo ya Vihiga. Kwenye mchoro ule urefu ulikuwa mara 15. Namba zote zilikuwa sahihi pembeni, lakini jicho halisomi namba, linasoma urefu. Mihimili lazima ianzie sifuri, sina mjadala na mtu.

#16 Mtu_wa_Maseno

Mihimili ndiyo. Grafu ya mstari siyo lazima. Chukua kimo cha maji ya Ziwa Victoria, uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kama mita mbili na zaidi, na 2020 yalipanda tena, watu wa Dunga na Budalang'i wakahama makwao. Chora hiyo kuanzia sifuri, utapata mstari ulionyooka na utasema ziwa halikufanya kitu. Hapo tunataka kuona badiliko, si urefu wote kutoka baharini.

#17 Mkulima_Njoro

Sawa, kwa ziwa nakubali. Nasi hapa Ziwa Nakuru limekula lango la mbuga, najua mita mbili ni nini. Lakini aandike wazi pembeni kwamba mstari haujaanzia sifuri.

#18 Kirumba_Mwanza

Swali la pembeni: hii michoro nani aliianzisha kututesa?

#19 Karani_Mstaafu

Mskoti mmoja, William Playfair. Mwaka 1786 alikuwa anachora biashara ya nchi mbalimbali kwa mistari, mwaka baada ya mwaka. Kwa Skotlandi alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, hivyo hangeweza kuchora mstari wa miaka. Akachora mihimili, mmoja kwa kila nchi waliyofanya nayo biashara. Duara lilikuja kwake baadaye, 1801. Data aliyokuwa nayo ndiyo iliyomchagulia mchoro. Watoto wetu wanafanya kinyume, wanachagua duara kwanza kwa sababu lina rangi.

#20 Mzazi_Manyatta

Nimerudi na habari. Amechora vitone, 27 iko mahali pake. Ameandika chini: "Nyumba hii ilikuwa na matanga usiku huo. Wastani pamoja nayo ni 5.95, bila hiyo ni 4.84. Mediani ni 5 kwa vyovyote." Na ile sentensi ya nyumba za wanafunzi wa darasa langu ameiweka pia. Mwalimu wake alisoma kimya kidogo, akauliza, "Sasa mtu akikuuliza kwa kawaida mnalala wangapi, utasema namba ipi?" Akajibu mediani. Akapigiwa alama ya sahihi, kisha darasa zima likaambiwa likazirudie kazi zao, kwa hiyo sasa wenzake ndio wamenuna.

Kazi inayofuata: dakika ngapi kila mmoja anatumia kuchota maji. Wanataka kuchora histogramu. Mnasemaje kabla hajaanza?

#21 Abiria_wa_Kondele

Mwalimu muungwana. Nafuta ushauri wangu wa #2.

#22 Mwalimu_Nyando

Kwanza, dakika si samaki, zinaendelea bila pengo, kwa hiyo mihimili ya histogramu inagusana. Akiacha nafasi katikati anasema kuna dakika ambazo hazipo. Kila mhimili ni kundi la dakika, na makundi yawe na upana sawa: 0 mpaka chini ya 10, 10 mpaka chini ya 20, hivyo hivyo. Asiandike 0–10 kisha 10–20, maana mwenye dakika 10 hatajua aingie wapi na atahesabiwa mara mbili.

Pili, na hili ndilo litakalomsumbua: hakuna mtoto atakayemwambia dakika 13. Watasema 10, 15, 30, nusu saa, saa moja.

#23 Karani_Mstaafu

Hata wazee. Kwenye sensa mtu asiyejua umri wake anasema 60, 65, 70. Ukichora umri wa kijiji, miaka inayoishia na 0 na 5 imevimba, 61 na 69 hakuna watu. Si kwamba walikufa, ni midomo tu inapenda namba za mviringo.

#24 Mwalimu_Nyando

Ndiyo hiyo. Kwa hiyo kama kuna saa au simu nyumbani, wapime asubuhi wanapoondoka na wanaporudi, wasikisie. Hata nusu ya darasa wakipima itasaidia, ila wale waliopima na waliokisia aandike tofauti, vitone vya rangi mbili.

#25 Mzazi_Manyatta

Na foleni kwenye mfereji? Hapa kwetu kwenda ni dakika tatu, kungoja ndiko kunaweza kufika saa nzima maji yakikatika.

#26 Mtu_wa_Maseno

Aamue kabla hajamuuliza mtu wa kwanza, na aandike uamuzi huo juu kabisa ya karatasi. Mimi ningeuliza mara mbili: dakika za kutembea, na dakika za kungoja, safu mbili kwenye jedwali. Akija kuchora ataona kama kinachowachelewesha watoto wa Manyatta shuleni ni umbali au ni ile mitungi mia tatu iliyo mbele yao.